Muziki Haulii: Kutafuta Hitilafu katika Mtandao wa Nyumbani

Maswali ya mitandao ya kompyuta ni ya aina mbili. Aina ya kwanza hukutaka utaje: taja vifaa vinne vya mtandao, taja faida tatu za mtandao. Aina ya pili hukupa tatizo na kukutaka ueleze chanzo chake na namna ya kulitatua. Aina ya kwanza unaweza kuikariri usiku mmoja. Aina ya pili haikaririki, na ndiyo inayowatenganisha watahiniwa. Sura hii inahusu aina ya pili.

Mtihani wenyewe utaujibu kwa Kiingereza. Hapa tunaeleza kwa Kiswahili ili kwanza ulielewe jambo lenyewe. Ukishalielewa, kuliandika kwa lugha nyingine ni kazi ya msamiati tu.

Ukimaliza kusoma sura hii uweze:
(a) kueleza njia anayopita wimbo kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye spika;
(b) kutofautisha mtandao wa ndani na intaneti;
(c) kueleza kazi ya anwani ya IP na kwa nini inaweza kubadilika;
(d) kutafuta hitilafu kwa mpangilio, bila kubahatisha.

1. MFANO: IJUMAA JIONI SAMUYE

Tuchukue familia moja katika kata ya Samuye, Wilaya ya Shinyanga. Ni familia ya mfano tu, ila vifaa vyake ni vile unavyovijua:

• Kompyuta mpakato ya zamani iliyoko chumbani. Betri yake imekufa, kwa hiyo hufanya kazi ikiwa kwenye umeme tu. Ndani yake kuna folda ya nyimbo na programu ya seva, yaani programu inayovipa vifaa vingine nyimbo vinapoziomba.
• Ruta ndogo inayotumia laini ya simu. Hii ndiyo inayotoa waifai ya nyumba nzima.
• Simu janja ya zamani iliyopasuka kioo. Haitumiki tena kupiga. Kazi yake ni kucheza muziki tu.
• Sabufa iliyoko sebuleni, iliyounganishwa na simu hiyo kwa waya.

Kesho, Jumamosi, ni kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu babu afariki. Babu alikuwa mwimbaji wa bugobogobo, ile ngoma ya wakulima wa Kisukuma inayochezwa kwa majembe. Sauti yake ilirekodiwa kwenye kanda za kaseti, na miaka michache iliyopita kanda hizo zilihamishiwa kwenye kompyuta ile ya chumbani. Kanda zenyewe zimeshaharibika. Nakala nyingine haipo. Bibi ameomba jambo moja tu: wageni wakifika, wasikie sauti ya mzee.

Saa kumi na mbili jioni umeme ukakatika. Uliporudi saa mbili usiku, wageni wa mbali walikuwa wamekwisha kuingia na kupewa nenosiri la waifai. Kijana wa kidato cha nne akawasha kompyuta, akawasha sabufa, akabonyeza wimbo kwenye simu. Kimya. Kwenye kioo kukatokea ujumbe kwamba seva haipatikani.

Ushauri ukaanza kumiminika. Kaka alisema bando limeisha, linunuliwe jingine. Jirani alisema ruta ibonyezwe kile kitundu cha nyuma, irudi ilivyotoka kiwandani. Mjomba, ambaye ndiye aliyeinunua kompyuta, alikuwa na lake.

"Hiyo kompyuta ina virusi. Ifomatini tu, ianze upya."

"Subiri kwanza mjomba," kijana akasema. "Tukiifomati, nyimbo za babu zinaondoka zote."

Simama hapa ujiulize: ungekuwa wewe, ungeanza wapi? Andika jibu lako pembeni kabla ya kuendelea. Tutalirudia mwishoni.

2. NJIA YA WIMBO

Huwezi kutafuta hitilafu kwenye mfumo usiojua umepangwaje. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kuchora njia. Wimbo unapotoka kwenye kompyuta hadi masikioni mwa msikilizaji hupita vituo sita:

Kituo cha 1: Faili. Wimbo umehifadhiwa kwenye diski, kwa mfano katika muundo wa MP3.
Kituo cha 2: Seva. Programu inasoma faili na kuligawa katika vipande vidogo vya data viitwavyo pakiti.
Kituo cha 3: Mtandao wa kompyuta. Kadi ya waifai ya kompyuta inazirusha pakiti hewani.
Kituo cha 4: Ruta. Inazipokea pakiti na kuzipeleka kwenye kifaa chenye anwani iliyoandikwa juu ya pakiti.
Kituo cha 5: Kichezaji. Simu inazipokea pakiti, inaziunganisha, na kuzigeuza kuwa mawimbi ya umeme ya sauti.
Kituo cha 6: Sabufa. Inakuza mawimbi hayo na kuyageuza kuwa sauti.

Kituo kimoja kikikatika, hakuna muziki. Ukimya wa sabufa hauonyeshi ni kituo kipi kimekatika. Kituo chochote kati ya sita kinaweza kuleta ukimya uleule. Ndiyo maana kila mtu sebuleni alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilionekana kuwa na maana.

Zingatia pia kwamba ombi husafiri kwanza. Unapobonyeza wimbo, simu hutuma ombi kwa seva kupitia ruta. Ndipo wimbo hurudi. Kwa hiyo simu lazima ijue anwani ya seva kabla ya chochote kutokea. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji.

3. MTANDAO WA NDANI SI INTANETI

Hili ndilo kosa linalowaponza watahiniwa wengi, na ndilo alilofanya kaka pale sebuleni. Waifai na intaneti si kitu kimoja.

Waifai ni njia ya kuunganisha vifaa vilivyo karibu bila waya. Simu, kompyuta na ruta vikiunganishwa hivyo ndani ya nyumba moja, tayari una mtandao wa ndani. Intaneti ni mtandao wa mitandao wa dunia nzima, na ruta ndiyo mlango wa kutokea kwenda huko. Bando ni malipo ya kutoka nje ya mlango. Wimbo unaotoka chumbani kwenda sebuleni haupiti mlango huo, kwa hiyo hauhitaji bando hata shilingi moja.

Tazama hesabu hii. Wimbo wa MP3 uliobanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, ukisikilizwa kwa saa moja:

128,000 × 3,600 = biti 460,800,000
460,800,000 ÷ 8 = baiti 57,600,000
Yaani megabaiti 57.6 kwa saa.

Kwa saa sita za sherehe ni megabaiti 345.6. Muziki huo ukiuvuta kutoka intaneti, bando lako linapungua kwa kiasi hicho. Ukiuvuta kutoka kompyuta ya chumbani, bando linapungua kwa sifuri.

Jihadhari na mtego mmoja. Simu nyingi zikiona waifai haina intaneti huhamia data ya laini zenyewe, bila kelele. Simu ikihama hivyo, inakuwa imetoka kwenye mtandao wa nyumbani. Haiwezi tena kuiona kompyuta ya chumbani, na programu nyingine za simu zinaendelea kula bando. Dawa yake ni kuzima data ya simu wakati wa kujaribu.

Je, kasi ya waifai inaweza kuwa ndogo mno kwa muziki? Ni nadra. Kiwango cha waifai cha 802.11b kilichotolewa mwaka 1999 kilikuwa na kasi ya juu ya megabiti 11 kwa sekunde. Wasikilizaji watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja akivuta kilobiti 320 kwa sekunde, wanatumia kilobiti 960 tu, yaani chini ya megabiti moja. Muziki unaokatikakatika mara nyingi ni dalili ya mawimbi dhaifu. Ukuta mnene huyapunguza nguvu, na bati huyarudisha yalikotoka. Waifai ya gigahezi 2.4 ina urefu wa wimbi wa sentimita 12.5 na hupenya kuta vizuri zaidi kuliko ile ya gigahezi 5, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimita 6.

4. ANWANI YA IP: NANI ANAITWA NANI

Kila kifaa kilicho kwenye mtandao kina anwani ya IP. Ni namba nne zinazotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.3. Pakiti bila anwani ni sawa na barua isiyo na jina la mpokeaji.

Anwani utakazokutana nazo katika mazoezi ni hizi:

• Zinazoanza na 192.168 ni anwani za mitandao ya ndani. Nyumba yako na ya jirani zinaweza zote kuwa na 192.168.1.3 bila kugombana, kwa sababu anwani hizi hazitumiki kwenye intaneti. Zinazoanza na 10 nazo ni za ndani, pamoja na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31.
• 192.168.1.1 mara nyingi ni ya ruta yenyewe.
• Inayoanza na 169.254 ni anwani ambayo kifaa kimejipa chenyewe baada ya kukosa kupewa. Ukiiona, jua kifaa hakijapata mawasiliano na kigawa anwani.
• 127.0.0.1 ni kifaa kujiita chenyewe. Ukiiandika kwenye kompyuta, unazungumza na kompyuta hiyohiyo.

Nani anagawa anwani? Ndani ya ruta kuna huduma iitwayo DHCP. Kifaa kikiingia kwenye mtandao kinaomba anwani, nayo DHCP inakipa iliyo wazi, kwa muda maalumu. Neno la kushika hapa ni "kwa muda". Anwani ya namna hii si mali ya kifaa. Ni kama namba ya kiti kwenye basi la Shinyanga–Mwanza: leo umekaa kiti cha tatu, kesho unaweza kukuta kiti hicho kina mtu mwingine.

Kuna namba nyingine isiyobadilika kwa kawaida, iitwayo anwani ya MAC, ambayo kadi ya mtandao hupewa kiwandani. Tofauti ya anwani ya IP na ya MAC huulizwa, kwa hiyo ishike: IP huonyesha kifaa kipo wapi kwenye mtandao, MAC hutambulisha kadi yenyewe.

5. KANUNI NNE ZA KUTAFUTA HITILAFU

Kanuni ya kwanza: Uliza nini kimebadilika. Jana muziki ulikuwa unalia. Kati ya jana na leo kumetokea nini? Kitu kilichokuwa kinafanya kazi hakiharibiki bila sababu.

Kanuni ya pili: Gawa njia katikati. Usikague vituo vyote sita kwa zamu. Chagua jaribio moja litakalokuambia kama hitilafu iko upande huu au upande ule. Kila jaribio zuri linafuta karibu nusu ya washukiwa.

Kanuni ya tatu: Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiwasha upya ruta, ukabadilisha waya na ukaweka programu mpya kwa pamoja, hata muziki ukilia hutajua ni kipi kilichoponya. Kesho ukinyamaza tena, utaanza upya.

Kanuni ya nne: Anza na yale unayoweza kuyarudisha. Kuchomoa waya na kuuchomeka tena hakuharibu kitu. Kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani kunafuta jina la waifai, nenosiri na mipangilio yote. Kufomati diski kunafuta kila kilichomo. Hatua isiyorudi nyuma hufanywa mwisho kabisa, na hufanywa baada ya kutunza nakala.

Ukiitumia kanuni ya nne, utaona kwamba ushauri wa mjomba haukuwa mbaya kwa sababu virusi havipo duniani. Ulikuwa mbaya kwa sababu ulianza na hatua ya gharama kubwa kuliko zote kabla ya jaribio hata moja.

6. TURUDI SAMUYE

Sasa fuata alivyofanya yule kijana. Kila jaribio, soma matokeo yake, kisha ona ni vituo vipi vinavyofutwa.

Jaribio la 1: Je, sabufa inalia? Alicheza wimbo mmoja uliohifadhiwa ndani ya simu yenyewe. Ukalia. Maana yake waya, sauti na sabufa ni vizima, na simu inajua kucheza MP3. Kituo cha 6 kimefutwa, na sehemu kubwa ya kituo cha 5.

Jaribio la 2: Je, faili lipo na ni zima? Alikwenda chumbani, akafungua folda, akacheza wimbo mmoja kwa spika ndogo za kompyuta. Sauti ya babu ikatoka. Bibi akaja hadi mlangoni akasimama. "Basi yupo," akasema. Kituo cha 1 kimefutwa. Pia sasa inajulikana hakika kwamba hakuna kilichopotea, na mjomba mwenyewe hakuitaja tena fomati.

Jaribio la 3: Je, seva inafanya kazi? Kwenye kompyuta hiyohiyo alifungua kivinjari na kuandika 127.0.0.1 pamoja na namba ya mlango inayotumiwa na programu ya seva. Orodha ya nyimbo ikatokea. Kituo cha 2 kimefutwa.

Jaribio la 4: Je, kompyuta na simu vinaonana? Alitazama mipangilio ya waifai ya simu ya muziki. Imeunganishwa kwenye ruta ya nyumbani, na anwani yake ni 192.168.1.4. Kwenye kompyuta akaandika amri ya ping kwenda 192.168.1.1, yaani ruta. Jibu likarudi. Akaandika ping kwenda 192.168.1.4, yaani simu. Jibu likarudi. Amri ya ping hutuma pakiti ndogo na kusubiri mwangwi wake. Mwangwi ukirudi, njia ipo. Vituo vya 3 na 4 vimefutwa.

Sasa tazama tulipofika. Vifaa vyote ni vizima, njia ni nzima, na bado muziki haulii. Mtu aliyechoka angesema hapa kwamba ni uchawi, au angerudi kwenye fomati. Lakini kimebaki kitu kimoja ambacho hakijakaguliwa: ombi lenyewe. Simu inamwomba nani?

Jaribio la 5: Kijana alifungua mipangilio ya programu ya muziki kwenye simu. Anwani ya seva iliyoandikwa humo ilikuwa 192.168.1.3. Akafikiri kwamba labda haipo, akaipigia ping kutoka kwenye kompyuta. Ikajibu!

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo soma polepole. Ping ilijibu, lakini ping haisemi ni kifaa gani kimejibu. Inasema tu kwamba kuna mtu mlangoni. Kijana akaandika amri ya ipconfig kwenye kompyuta ili aone anwani ya kompyuta yenyewe. Ilikuwa 192.168.1.7.

Basi 192.168.1.3 ilikuwa ya nani? Alifungua ukurasa wa ruta na kutazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ilikuwa simu ya shangazi, aliyefika jioni ile kutoka Geita.

Mambo yalikwenda hivi. Umeme ulipokatika, ruta ilizimika, na kompyuta isiyo na betri ikazimika. Umeme uliporudi, ruta iliwaka yenyewe na kuanza kugawa anwani upya. Simu za wageni zilikuwa tayari mikononi, zikawahi. Ya shangazi ikapata namba 3. Kompyuta ilipowashwa baadaye, kiti chake kilikuwa kimekaliwa, ikapewa namba 7. Simu ya muziki haikujua lolote kati ya hayo. Iliendelea kuiomba namba 3 nyimbo za bugobogobo, na simu ya shangazi, ambayo haina seva yoyote, ikakataa.

Utatuzi: kijana aliandika 192.168.1.7 mahali pa 192.168.1.3. Muziki ukalia. Hakuna kilichonunuliwa, hakuna kilichofutwa.

Kinga: kubadilisha namba kunatibu leo tu. Umeme ukikatika tena kesho, tatizo linaweza kurudi mbele ya wageni. Kwa hiyo aliingia tena kwenye ukurasa wa ruta na kuiwekea kompyuta anwani ya kudumu, kwa kuifunga namba 192.168.1.7 na anwani ya MAC ya kompyuta. Kuanzia hapo kiti hicho hakipewi kifaa kingine. Kisha akachukua flashi na kunakili folda ya babu. Hilo lilipaswa kufanywa miaka iliyopita.

7. DALILI NA VISABABISHI VYAKE

Jifunze kutoka kwenye dalili kwenda kwenye kisababishi. Maswali mengi huja kwa umbo hili.

• Vifaa vyote haviioni waifai: ruta haina umeme, au imezimwa.
• Kifaa kimoja tu hakiingii: nenosiri si sahihi, au kiko mbali mno.
• Kifaa kina anwani inayoanza na 169.254: hakikupewa anwani na DHCP. Kiondoe kwenye waifai kisha kiunganishe tena. Isipotosha, washa upya ruta.
• Intaneti inafanya kazi lakini seva haionekani: simu imehamia data ya laini, au imeunganishwa kwenye waifai ya wageni. Ruta nyingi huzuia vifaa vilivyo kwenye waifai ya wageni visione vifaa vya nyumbani.
• Seva inafunguka kwenye kompyuta yenyewe, lakini si kutoka kifaa kingine, na anwani ni sahihi: programu ya ulinzi ya kompyuta, iitwayo fayawoli, inazuia maombi ya kutoka nje. Ruhusu programu ya seva tu. Usiizime fayawoli yote.
• Muziki unalia dakika kadhaa kisha unanyamaza: kompyuta imelala ili kutunza umeme. Badilisha mipangilio ya kulala.
• Baadhi ya nyimbo zinalia na nyingine hazilii: kichezaji hakiujui muundo wa mafaili hayo.
• Muda wa wimbo unasogea kwenye kioo lakini hakuna sauti: tatizo liko kituo cha 5 au cha 6. Kagua sauti, waya, na kama sabufa imewekwa kwenye ingizo sahihi. Kagua pia kama simu haijaunganishwa kwa bluetooth na spika nyingine.

8. MAKOSA YA KUEPUKA KWENYE CHUMBA CHA MTIHANI

Kwanza, usijibu "washa upya vifaa vyote" na kuishia hapo. Kuwasha upya kunaweza kusaidia, lakini mtahini anataka sababu. Eleza kwa nini kunasaidia: kifaa kinaomba anwani upya na kuanzisha mawasiliano upya.

Pili, usiandike "hakuna mtandao" ukimaanisha hakuna intaneti. Taja unachomaanisha.

Tatu, usiorodheshe visababishi kumi bila mpangilio. Visababishi vitatu, kila kimoja na jaribio lake, vina thamani kuliko kumi vilivyorundikwa.

Nne, usisahau kutaja tahadhari. Swali linalohusu matengenezo likigusa data za mtu, sema nakala itunzwe kwanza.

9. ZOEZI

Swali la 1 (alama 4). Kompyuta ya shule moja inaonyesha anwani 169.254.20.8, wakati nyingine zote zinaanza na 192.168. Eleza kilichotokea na hatua mbili za kuchukua.

Swali la 2 (alama 3). Wimbo wa dakika nne umebanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde. Tafuta ukubwa wa faili lake kwa megabaiti.

Swali la 3 (alama 5). Mwanafunzi anapiga ping kwenda anwani ya seva na kupata jibu, lakini huduma ya seva haifunguki. Toa visababishi viwili, na kwa kila kimoja eleza jaribio la kukithibitisha.

Swali la 4 (alama 3). Kwa nini kufomati diski hakupaswi kuwa hatua ya kwanza ya kutafuta hitilafu?

MAJIBU

1. Kompyuta haikupewa anwani na DHCP, ikajipa yenyewe. Hatua: kagua kama waya au waifai imeunganishwa kwenye ruta; kisha omba anwani upya kwa kuitenga na kuiunganisha tena, au kwa kuwasha upya ruta.

2. 128,000 × 240 = biti 30,720,000. Gawanya kwa 8 = baiti 3,840,000, yaani megabaiti 3.84.

3. (i) Anwani hiyo sasa inatumiwa na kifaa kingine: tazama anwani ya seva kwenye seva yenyewe, kisha linganisha. (ii) Programu ya seva imezimwa au imezuiwa na fayawoli: fungua huduma kwenye seva yenyewe kwa 127.0.0.1. Isipofunguka, programu imezimwa. Ikifunguka hapo na kukataa kutoka nje, kagua fayawoli.

4. Hufuta data zote na hairudi nyuma kirahisi; hufanywa kabla ya kujua kisababishi; na kisababishi kikiwa nje ya diski, kwa mfano anwani iliyobadilika, tatizo litabaki palepale huku data zimekwenda.

Sasa rudi kwenye jibu uliloandika pembeni mwanzoni. Kama ulianza na swali "nini kimebadilika tangu jana?", ulianza vizuri. Kama ulianza na bando, ruta au fomati, rudia sehemu ya 5 na ya 6 kabla ya kufungua sura inayofuata.